Fumo Liyongo Aingia Darasa la Kiingereza



Kuna jambo moja ambalo wazazi wengi huliona kila mwaka, mara shule za sekondari zifunguliwapo mwezi wa Januari. Mtoto aliyemaliza darasa la saba alikuwa msemaji. Alijua kujibu maswali, alijua kumwandikia barua shangazi yake, na mgeni akifika nyumbani alimweleza habari za kijiji kizima. Sasa amevaa sare mpya, yumo kidato cha kwanza. Baada ya miezi miwili ukimwuliza, "Mwanangu, leo mmejifunza nini?" anajibu, "Tumeandika noti." Ukifungua madaftari yake waona kurasa zimejaa, na mwandiko ni mzuri. Lakini ukimwambia akueleze ukurasa mmoja tu, ananyamaza.

Sababu yake twaijua sote. Tangu mwaka 1967 shule za msingi za serikali nchini Tanzania hufundisha kwa Kiswahili, na Kiingereza ni somo moja tu kati ya masomo mengi. Afikapo sekondari mambo yageuka. Historia, jiografia, hesabu, biolojia, yote ni kwa Kiingereza. Mtoto wa miaka 13 au 14 atakiwa ajifunze mambo mapya kwa lugha ambayo bado haijamkaa kinywani. Na mwisho wa kidato cha pili wamngoja upimaji wa taifa, ambao hautamwuliza kama mwandiko wake ni mzuri.

Ni kweli kwamba tangu mwaka 2016 ada imeondolewa katika sekondari za serikali mpaka kidato cha nne. Lakini sare, viatu, madaftari na nauli havikuondolewa. Mzazi auza mahindi, auza na mbuzi. Je, si hasara kubwa kama gharama yote hiyo yaishia katika kunakili yaliyoandikwa ubaoni?

Leo nataka kuwaeleza njia moja ya kumrudishia mtoto huyo ulimi wake. Haihitaji fedha, wala haihitaji mzazi ajue Kiingereza. Njia yenyewe ni hadithi ndefu za mashujaa, ambazo wenye elimu ya fasihi huziita tendi.

ASIYE NA LA KUSEMA HAANDIKI

Watu wengi hudhani kwamba mtoto ashindwapo kuandika Kiingereza, kilichompungukia ni maneno tu. Basi hupewa orodha ya maneno akariri. Akariri hamsini, akariri mia. Kisha mwalimu amwambia aandike insha, naye aandika jina lake, jina la shule yake, kwamba ana kaka wawili na dada mmoja, kisha akwama. Maneno anayo, lakini hana la kusema. Tena hajui lipi litangulie na lipi lifuate.

Fikiri kidogo juu ya fundi wa kujenga. Ukimpa matofali elfu moja bila kumwambia wataka nyumba gani, atayapanga wapi? Maneno ni matofali. Hadithi ndiyo ramani ya nyumba. Mtoto aijuaye hadithi vizuri tangu mwanzo hata mwisho, ajua tayari nani yumo, anataka nini, nani amzuia, na mwisho ulikuwaje. Kilichobaki ni kutafuta maneno ya Kiingereza ya kulibeba jambo analolijua. Huo ni mzigo mmoja. Lakini yule aambiwaye atunge jambo asilolijua kwa lugha asiyoijua, ametwishwa mizigo miwili kwa pamoja, na ndiyo maana analala chini yake.

Mtu mmoja wa nchi yetu atupa mfano mzuri. Mzee Aniceti Kitereza wa kisiwa cha Ukerewe aliandika kitabu kikubwa juu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Hakuanza kwa lugha ya kigeni. Alikiandika kwanza kwa Kikerewe, akakimaliza mwaka 1945, kisha yeye mwenyewe akakitafsiri kwa Kiswahili. Kikachapwa mwaka 1980, na baadaye kimesomwa hata Ulaya. Hadithi ilikaa kwanza katika lugha ya mamaye, ndipo ikavuka kwenda lugha nyingine. Mtoto wa kidato cha kwanza naye avushwe hivyo hivyo.

HADITHI YA LIYONGO KWA UFUPI

Tuchukue shujaa wetu wa pwani, Fumo Liyongo. Hadithi zake zimesimuliwa kwa miaka mingi pande za Pate na mto Tana, katika Kenya ya leo. Mwaka 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu aliutunga utenzi wake, ambao umesomwa na watu wengi.

Liyongo alikuwa mtu mrefu mno, mwenye nguvu nyingi, hodari wa upinde na wa kutunga mashairi. Mfalme wa Pate alimwogopa asije akamnyang'anya kiti, akamfunga gerezani kwa minyororo akitaka kumwua. Mama yake alimpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi aitwaye Saada, lakini kila mkate mzuri ulipofika mlangoni, walinzi waliula wao. Ndipo Liyongo alipoimba wimbo wenye mafumbo, Saada akaupeleka kwa mama. Mama akafahamu. Akaoka mkate mzuri, akaoka na mkate wa wishwa, na ndani ya ule wa wishwa akaficha tupa. Walinzi wakachukua mkate mzuri wakamwachia mfungwa makapi yake. Kisha Liyongo aliomba apigiwe ngoma ya gungu kabla ya kufa. Matari na mayowe yalipopamba moto nje, yeye ndani alikuwa akiikata minyororo, wala hapana aliyesikia. Akatoka, watu wakatawanyika.

Lakini mfalme hakuchoka. Alimwita mtoto wa Liyongo mwenyewe, akamwahidi kumwoza binti yake kama atapata siri ya baba. Siri ilikuwa kwamba Liyongo hawezi kuuawa ila kwa sindano ya shaba ichomwayo kitovuni. Mtoto akaijua, akaja usiku akamchoma baba yake usingizini. Liyongo akaamka, akachukua upinde wake, akaenda karibu na kisima, akapiga goti na mshale umewekwa tayari. Hapo akafa, naye bado yu katika hali ile. Watu wa mji walikaa siku kadhaa bila kuteka maji kwa hofu, wakidhani yu hai. Wala mtoto yule hakufaidi alichoahidiwa.

Basi, msomaji mpenzi, niambie: je, kuna mtoto asiyependa kuijua hadithi hii? Na je, akiisha kuijua, atakosa la kusema?

KAZI YA DARASANI

Wapo walimu ambao wamekwisha kutumia hadithi za namna hii, tena kwa watoto wa umri huu. Nitaeleza hatua zake moja moja, ili mwalimu asomaye apate kujaribu, na mzazi afahamu mwanawe afanya nini.

Kwanza, hadithi isimuliwe kwa Kiswahili, kwa sauti, bila kitabu. Watoto wawili wawili wasimuliane tena. Aliyesahau akumbushwe na mwenzake. Darasa lenye watoto sabini halimzuii mwalimu kufanya hivi, kwani wawili wawili wote husema kwa wakati mmoja.

Pili, kila mtoto achore picha sita, hata kama hajui kuchora: Liyongo na mfalme, gerezani, mkate, ngoma, sindano, kisimani. Picha hizo sita ndizo zitakazokuwa aya sita za insha yake. Hivyo amejifunza mpango wa insha kabla hajaandika neno hata moja.

Tatu, yatafutwe maneno ya Kiingereza yatakayohitajiwa, si zaidi ya ishirini. Mengi yawe ya vitendo. Hapa hadithi yasaidia kuliko orodha yo yote. Kiswahili chatumia "li" kuonyesha jambo lililopita: alikwenda, alichukua, alivunja. Kiingereza mara nyingi hubadili neno lenyewe: "go" huwa "went", "take" huwa "took", "break" huwa "broke", "send" huwa "sent". Mtoto aliyepewa maneno hayo katika orodha huyasahau Jumatatu. Lakini hawezi kumtoa Liyongo gerezani bila "broke", wala hawezi kumleta Saada mlangoni bila "came". Atayatumia mara kumi katika kazi moja.

Jambo jingine ni hili. Sisi twasema "alimpelekea mkate", na neno lile moja latosha kwa mwanamume na kwa mwanamke. Mwingereza hakubali. Lazima useme "she sent him bread". Watoto wetu huchanganya "he" na "she" hata kidato cha nne. Sasa hadithi hii ina mama, ina Saada, ina Liyongo, ina mtoto wake na walinzi. Kila sentensi yamlazimu mwandishi ajiulize: nani afanya, na nani afanyiwa? Akikosea, hadithi yenyewe yamcheka, kwani ataandika kwamba mama ndiye aliyefungwa minyororo.

Nne, aandike sentensi fupi fupi, mbili au tatu kwa kila picha. Kwa mfano: "Liyongo was in prison. His mother made bread. She hid a file in it." Sentensi tatu, zote safi. Asiandike ndefu bado.

Tano, aziunge. Hapa mwalimu huleta maneno machache ya kuungia: "but", "so", "because", "when", "at last". Mtoto hujifunza kwamba sentensi zafungana kama kuni, na kamba ni maneno haya. Swali moja zuri kuliko yote ni hili: kwa nini mama alificha tupa ndani ya mkate wa wishwa, asiifiche ndani ya mkate mzuri? Mtoto hana budi kutumia "because": "She hid the file in the bad bread because the guards always took the good bread." Huyo sasa hanakili tena. Anafikiri kwa Kiingereza, tena ametoa sababu. Mwalimu wa historia naye, amwulizapo kwa nini jambo fulani lilitokea, ataka sentensi ya namna ile ile.

Sita, amsomee mwenzake kwa sauti, mwenzake aseme ni wapi hakufahamu, kisha aandike upya. Mwalimu asijaze daftari wino mwekundu. Juma hili asahihishe vitendo vya wakati uliopita tu, juma lijalo "he" na "she". Mtoto arudishiwaye daftari lenye makosa arobaini yaliyopigiwa mstari hajifunzi makosa arobaini. Hujifunza kwamba kuandika ni aibu.

MASHUJAA WENGINE

Asidhani mtu kwamba ni Liyongo peke yake. Afrika imejaa hadithi hizi. Kule Kagera wapiga enanga wa Kihaya wamekuwa wakiimba habari za mashujaa wao tangu zamani. Katika Kongo ya mashariki kabila la Wanyanga lina Mwindo, mtoto mdogo aliyepambana na baba yake aliyemkataa. Mwaka 1956 msimuliaji mmoja aliusimulia utendi huo kwa muda wa siku kumi na mbili, maneno yake yakaandikwa, na mwaka 1969 yakachapwa kuwa kitabu pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

Kutoka Mali tuna Sundiata, mfalme wa karne ya 13. Hadithi yasema alipokuwa mdogo hakuweza kutembea kwa miaka mingi, akitambaa chini, na mama yake akidharauliwa. Siku moja mama alipotukanwa kwa sababu ya majani ya mbuyu, mtoto yule aliomba fimbo ya chuma, akaishika, akasimama. Baadaye akaishinda jeshi ya adui yake Sumanguru na kuanzisha ufalme mkubwa. Ningependa kila mtoto achekwaye kwa sababu ya Kiingereza chake aisome hadithi hii. Kuchelewa kutembea siko kushindwa kutembea.

Hata hadithi za mbali zafaa. Wagiriki wa kale wana Ulise, ambaye alikaa vitani miaka kumi na njiani miaka kumi mingine kabla ya kufika kwake. Alinaswa katika pango la jitu lenye jicho moja, akaliambia kwamba jina lake ni "Si Mtu". Alipolitoboa jicho, jitu likawapigia wenzake kelele, "Si Mtu ananiua!" nao wakaenda zao, kwani kama si mtu amwuaye, wamsaidie nini? Watoto hucheka sana hapa. Mpe mtoto kazi ya kulinganisha: hila ya Liyongo na hila ya Ulise, ipi yakupendeza, na kwa sababu gani? Kulinganisha vitu viwili na kutoa hoja ni kazi ya juu katika kuandika, lakini mtoto wa kidato cha kwanza ataiweza, kwa kuwa vitu vyenyewe avijua.

MASWALI YA WAZAZI

Labda msomaji mmoja atauliza: "Mtihani hauulizi habari za Liyongo. Kwa nini mtoto apoteze muda?" Ni kweli, hauulizi. Lakini mtihani waomba insha, waomba barua, waomba maelezo yenye mwanzo, kati na mwisho. Mkulima hajifunzi kulima kwa ajili ya shamba moja. Akijua jembe, kila shamba atalilima.

Mwingine atasema: "Kama mtoto ataka Kiingereza, basi tumkataze Kiswahili kabisa." Shule nyingi zilijaribu hivyo, hata kumtundikia shingoni kibao mtoto aliyesema lugha ya nyumbani. Matunda yake tuliyaona: watoto walinyamaza. Mtu hukanyaga jiwe la kwanza ndipo avuke kwenda la pili. Ukiliondoa la kwanza, atatumbukia mtoni.

Wa tatu atauliza: "Je, haitoshi akariri insha moja nzuri ya kitabuni?" Haitoshi, tena ni hatari. Swali likibadilika kidogo tu, aliyekariri ataandika yale yale aliyoyakariri, na mtahini atajua mara moja. Hadithi ya shujaa nayo isikaririwe neno kwa neno. Kila mtoto aisimulie kwa namna yake.

Ni lazima niongeze neno moja la haki. Hadithi peke yake haimalizi kazi. Mtoto bado ahitaji kusoma vitabu vyepesi vya Kiingereza, kusikia lugha ikisemwa vizuri, na kufanya mazoezi ya sarufi. Lakini hadithi humpa sababu ya kuyataka hayo yote.

KAZI YA NYUMBANI

Sasa nawageukia ninyi akina baba na akina mama, hata msiojua Kiingereza hata neno moja. Kazi yenu ni kubwa kuliko mdhanivyo.

Jambo la kwanza: simulieni. Babu na bibi wangali na hadithi ambazo hazimo kitabuni. Jioni baada ya chakula, zimeni redio kidogo, wekeni simu kando, msimulie hadithi moja ndefu mpaka mwisho. Kesho yake mtoto aisimulie yeye, ninyi msikilize.

Jambo la pili: ulizeni maswali matatu tu. Kisha ikawaje? Kwa nini alifanya hivyo? Wewe ungefanyaje? La kwanza lamfundisha mpango, la pili lamfundisha sababu, la tatu lamfundisha kutoa maoni yake. Insha nzima imo katika maswali hayo matatu.

Jambo la tatu: pimeni kazi yake ya Kiingereza kwa Kiswahili. Mwambie akusomee ukurasa mmoja alioandika, kisha akueleze umesema nini. Akieleza vizuri, amefahamu. Akishindwa, amenakili. Mzazi asiyejua kusoma kabisa aweza kufanya upimaji huu, wala mtoto hawezi kumdanganya kwa urahisi, kwa kuwa hadithi mzazi aijua.

Jambo la nne: mpeni nafasi. Hapa nasema hasa juu ya binti zetu. Atoka shule, achota maji, atwanga, apika, aosha vyombo, na giza limekwisha ingia. Kaka yake wakati huo yu uwanjani. Nusu saa ya mwanga kila siku, kila mtoto apewe, wa kike na wa kiume sawasawa. Kazi za nyumbani zigawanywe. Asipopata nusu saa hiyo, hata mwalimu hodari namna gani hatamsaidia.

Jambo la tano: asichekwe. Kiingereza chake kibovu cha leo ndicho mbegu ya Kiingereza chake kizuri cha kesho. Anayemcheka mtoto ajaribuye kusema amfunga minyororo kama ile ya Liyongo.

Haba na haba hujaza kibaba. Kurasa mbili kwa juma, hadithi moja kwa mwezi, na mwaka ukiisha mtoto ameandika hadithi nzima zipatazo kumi kwa mkono wake. Kilichoandikwa hivyo hakifutiki kama noti za ubaoni.

Na kama shuleni kwa mwanao hadithi hizi hazifundishwi, msingoje. Kikao cha wazazi kitakapoitwa, semeni na mwalimu kwa heshima, mwulize kama mzee mmoja wa kijiji aweza kukaribishwa darasani kusimulia kwa nusu saa, kisha watoto waandike kwa Kiingereza walichosikia. Mwalimu wa Kiingereza mara nyingi hana vitabu vya kutosha. Mzee mwenye hadithi ni kitabu kinachotembea, wala hakilipiwi.

Basi jioni ya leo, kabla taa haijazimwa, mwite mwanao wa kidato cha kwanza akae karibu nawe. Usimwulize, "Umeandika nini?" Mwambie, "Hebu nisimulie."